Pesa ya Kodi ya Kaboni Iliyonunua Makaa Yetu

Kwa wale ambao hawakufika, Jumamosi tulikuwa na mdahalo kwenye kikundi chetu hapa Kakuma. Mada iliandikwa ubaoni kwa chaki: "Kodi ya kaboni ni dawa bora ya mabadiliko ya tabianchi kuliko mitambo ya kunasa kaboni." Mimi niliwekwa upande wa upinzani, yaani nitetee mitambo. Tulishindwa. Nitawaeleza tulivyoshindwa, lakini kwanza niseme kwa nini mada hii haijanitoka kichwani mpaka leo. Wakati najiandaa niligundua kwamba kodi ya kaboni, kitu nilichodhani ni cha watu wa mbali, ilikuwa inatununulia makaa nyumbani kwa karibu miaka miwili, na sisi hatukujua.

Nianze na mama. Jioni niliyopewa mada nilimkuta amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto. Kuni zilikuwa mbichi. Nikamwambia tutabishana kuhusu kukamata hewa ya moshi na kuifukia chini ya ardhi.

"Kwa hiyo kuko watu wanaweza kukamata moshi?"

"Si moshi wenyewe, mama. Ni hewa iliyo ndani ya moshi. Haionekani kwa macho."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi waanzie hapa kwangu."

Tunaoishi hapa tunajua kwamba kuni za mgao hazifiki mwisho wa mwezi. Zikiisha tunanunua makaa kwa wenyeji wetu Waturkana, au tunabadilishana nao kwa unga. Zamani mama alikuwa anaenda porini mwenyewe. Aliacha siku jirani yetu aliporudi bila kuni, nguo zimechanika, na hakutaka kueleza kilichompata. Tangu siku hiyo makaa kwetu ni ya kununua, na kila wiki hesabu ni ileile: makaa ama mboga.

Na mabadiliko ya tabianchi hatukuyajulia darasani tu. Sisi tulitoka Uvira kwa sababu ya vita, hilo ni kweli. Lakini Aprili 2020, tukiwa tayari huku, mvua kubwa ilinyesha Uvira na mto Mulongwe ukafurika ukaingia mjini. Watu makumi walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Nyumba ya mama mdogo ilienda na maji, pamoja na picha za harusi ya wazazi wangu alizokuwa anatutunzia. Halafu hapa Turkana, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Tuliona mizoga ya mbuzi kando ya barabara. Mtu aliyepoteza mifugo yake yote, anabaki na nini cha kuuza? Anakata mti anachoma makaa, na sisi tunanunua. Kwa hiyo nilitaka kushinda ule mdahalo kwa kweli. Nilitaka kuwe na mashine ambayo unaiwasha, na hii shida inaondoka.

Basi nikasoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nawaeleza kama nilivyoelewa.

Kunasa kaboni ni hivi. Kiwanda kikichoma makaa ya mawe au gesi, moshi hauachwi uende moja kwa moja angani. Unapitishwa kwanza kwenye mnara wenye kemikali ya majimaji. Ile kemikali inaishika hewa ukaa na kuacha hewa nyingine ipite. Ikipashwa moto, inaiachia tena hewa ukaa ikiwa peke yake. Hapo inashindiliwa mpaka inakuwa nzito kama majimaji, inapelekwa kwa bomba, na kusukumwa ndani ya miamba, mara nyingi zaidi ya mita 800 chini. Iko pia mitambo inayovuta hewa hii ya kawaida tunayopumua, bila kuungwa na bomba la moshi. Kule Iceland mmoja ulioanza kazi 2021 ulijengwa kunasa hadi tani 4,000 kwa mwaka.

Nilifurahi zaidi nilipoona kwamba mfano mkubwa uko alikohamia yaya wangu. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Yeye, shemeji na watoto wao wawili walipata nafasi ya kwenda Kanada, wako mji wa Regina, mkoa wa Saskatchewan. Katika mkoa huohuo, karibu na mji wa Estevan, kuna kituo cha umeme cha makaa ya mawe kinachoitwa Boundary Dam. Oktoba 2014 kitengo chake kimoja kilianza kunasa kaboni, na hakuna kituo cha kibiashara cha makaa ya mawe duniani kilichokuwa kimefanya hivyo kabla yake kwa ukubwa huo. Nikampigia.

"Yaya, ule mtambo wa kukamata kaboni umeshauona?"

"Mtambo gani? Mimi huku naonaka theluji tu."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini kama ni mambo ya kaboni, ile pesa nilikuwa nawatumiaka si ilitoka huko?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Kuanzia 2023, kila baada ya miezi mitatu, yaya alikuwa anatutumia dola 50 za Kanada. Zikifika kwa simu ya mama zilikuwa kama shilingi elfu nne na mia kadhaa. Mama alikuwa ananunua gunia la makaa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Sisi tulidhani yaya anapunguza mshahara wake. Kumbe zilikuwa zinatoka kwenye marejesho ya kodi ya kaboni.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kuanzia Aprili 2019, serikali ya Kanada ilitoza dola 20 kwa kila tani ya hewa ukaa itakayotoka kwenye petroli, gesi na mafuta mengine, katika mikoa ambayo haikuwa na mpango wake unaotosha. Saskatchewan ilikuwa mmojawapo. Mkoa ulipinga mpaka mahakamani, na Machi 2021 Mahakama ya Juu ikasema sheria ni halali. Kiwango kilipanda kila mwaka, na Aprili 2024 kilifika dola 80 kwa tani, sawa na senti 17 na kitu kwa kila lita ya petroli. Lakini sehemu kubwa ya pesa iliyokusanywa, karibu asilimia 90, ilirudishwa kwa familia. Haikuangaliwa nani amechoma nyingi au kidogo. Familia ya watu wanne pale Saskatchewan ilipata dola 1,504 kwa mwaka 2024 hadi 2025, kwa mafungu manne ya dola 376.

Akili yake iko hapo. Mwenye nyumba kubwa na magari matatu alilipa kodi nyingi, lakini alirudishiwa kiasi kilekile alichorudishiwa yaya. Yaya na shemeji wana gari moja kuukuu na nyumba ya kupanga, kwa hiyo kilichorudi kilikuwa zaidi ya kilichotoka. Na bado ukitembea kwa miguu badala ya kuwasha gari, ulikuwa unaokoa. Ofisi ya bajeti ya bunge lao ilikokotoa kwamba familia nyingi zilirudishiwa kuliko zilivyotozwa moja kwa moja.

"Sasa mbona wameifuta?" nikamuuliza, maana nilikuwa nimesoma kwamba tarehe 1 Aprili 2025 kodi hiyo ya mafuta ilishushwa hadi sifuri.

"Mdogo wangu, bei ya mafuta kila mtu anaiona, imeandikwa kwa herufi kubwa barabarani. Pesa ya kurudishwa inaingia benki kimyakimya. Kazini kwetu wengine hawakujua hata ni ya nini."

Fungu la mwisho aliingiziwa Aprili hiyohiyo. Mwaka huohuo mgao wa chakula hapa Kakuma ukapunguzwa sana. Mnakumbuka. Ile dola 50 iliondoka wakati mbaya kuliko wote.

Kwa hiyo niliingia kwenye mdahalo nikiwa natetea mitambo, huku moyoni namkumbuka mama na gunia lake la makaa. Nilijitahidi lakini. Nikaeleza Boundary Dam. Nikasema kwamba watu hawawezi kuacha kuchoma leo na kesho, na viwanda vya saruji vinatoa hewa ukaa hata ukibadilisha kuni zake, kwa sababu lile jiwe la chokaa lenyewe likichomwa linaitoa. Kodi haiwezi kulibembeleza jiwe, nikasema. Watu wakapiga makofi.

Kisha akasimama binti wa Sudan Kusini wa upande wa pili. Hana haraka akiongea. Akaanza na Boundary Dam yangu. Ilijengwa kwa zaidi ya dola bilioni moja za Kanada. Iliahidiwa ingenasa hadi tani milioni moja kwa mwaka, na miaka mingi haikufikia. Mtambo unakula sehemu ya umeme wa kituo chenyewe. Na sehemu kubwa ya hewa iliyonaswa iliuzwa kwa kampuni ya mafuta, ikasukumwa ardhini ili mafuta mengine yatoke, yakachomwe.

"Dunia nzima," akasema, "inatoa hewa ukaa ya mafuta, gesi na makaa ya mawe karibu tani bilioni 37 kwa mwaka. Mitambo yote ya kunasa ikijumlishwa, uwezo wake ni kama tani milioni 50. Chukueni mitungi elfu moja ya maji machafu. Mitambo yenu imesafisha mtungi mmoja na kidogo."

Nikajibu kwamba ni mwanzo tu, mbona simu za kwanza zilikuwa ghali. Ndipo akanimaliza, na alinimaliza kwa adabu.

"Ndugu yangu, mtambo bora kuliko wote uliosoma ni upi?"

Nilikuwa nimeuandika kwenye daftari, na nadhani alikuwa ameuona. Nikasema Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe. Gesi inayochimbwa pale ilikuwa na hewa ukaa nyingi, hadi asilimia 9, na wanunuzi walitaka isizidi 2.5. Kwa hiyo ilibidi waitenganishe. Wangeweza kuiachia angani tu, kama wengi walivyokuwa wanafanya. Badala yake, kuanzia 1996, wameirudisha chini ya sakafu ya bahari, karibu tani milioni moja kwa mwaka katika miaka yake mizuri.

"Na kwa nini hawakuiachia angani?"

Nikanyamaza. Jibu lilikuwa mstari wa chini yake kwenye daftari langu: kwa sababu mwaka 1991 Norwe iliweka kodi ya kaboni kwenye mafuta na gesi za baharini. Kampuni ilipiga hesabu, ikaona kuifukia ni nafuu kuliko kuilipia. Mtambo niliokuja kuutetea ulizaliwa na kodi niliyokuja kuipinga. Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao. Ningefanya nini?

Ingekuwa imeishia hapo, ningesema nimeshindwa kihalali na nimejifunza. Lakini muda wa maswali mdogo wangu akanyoosha mkono. Anaendesha bodaboda, na alikuwa ameingia kutuangalia tu, kofia ya pikipiki bado mkononi.

"Mimi nina swali kwa hawa walioshinda. Yaya kule Kanada alirudishiwa. Sawa. Mimi mkiongeza kodi kwa petroli, nani atanirudishia? Serikali inanijua aje mimi?"

Wengi hapa wanakumbuka alichokuwa anasema. Julai 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipandishwa nchini Kenya kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba lita moja ya petroli ikavuka shilingi 200. Ile si kodi ya kaboni, na haikuwekwa kwa ajili ya tabianchi. Lakini kwa mtu wa bodaboda zote zinaingilia tundu moja, la tangi. Mdogo wangu alipandisha nauli, wateja wakaanza kutembea kwa miguu. Aliteremsha nauli, akawa anafanyia kazi petroli. Miezi miwili alilala na deni la mwenye pikipiki. Hakuna aliyemrudishia hata shilingi.

Na Septemba hiyohiyo ya 2023, Nairobi, viongozi wa Afrika walikutana kwenye mkutano wao wa tabianchi na kutoa Azimio la Nairobi. Waliomba dunia iweke kodi ya kaboni kwenye biashara ya mafuta ya kisukuku, meli na ndege. Nililisoma tena baada ya mdahalo na nikaona ni ombi la haki. Mkanada mmoja kwa wastani anasababisha zaidi ya tani kumi za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mkongomani hafikishi hata nusu tani. Kodi ingeanzia kwenye meli kubwa na ndege, ingekuwa imeanzia mahali pake. Lakini angalieni mwendo. Oktoba 2025, kule London, nchi zilizokutana kuamua kuhusu malipo ya kaboni kwa meli ziliahirisha kura kwa mwaka mmoja. Ya meli inaahirishwa. Ya bodaboda ilianza asubuhi ya tarehe moja.

Sasa nieleze msimamo wangu, maana wengine mmeniuliza.

Naamini kodi ije kwanza kabla ya mitambo. Bila bei ya kuchafua, hakuna anayejenga mtambo ila kwa ruzuku au kwa kuuzia wachimba mafuta. Mitambo iwekwe pale ambapo hakuna njia nyingine, kama kwenye saruji, na isitumike kurefusha maisha ya makaa ya mawe. Hapo nakubaliana na yule binti kabisa.

Lakini mdahalo wetu uliuliza kodi au mtambo, na haukuuliza pesa ya kodi inaenda kwa nani. Kwangu mimi hilo ndilo lililobadilisha maisha ya watu ninaowajua. Kodi mbili za mafuta zilipita kwenye familia moja. Ile ya Kanada ilirudishwa, ikavuka bahari, ikamtoa mama yangu porini. Ile ya hapa haikurudishwa, ikamwingiza mdogo wangu kwenye deni. Hata kule Kanada, iliporudishwa bila watu kuelewa, ilifutwa, na aliyefidiwa hakujua amefidiwa. Kwa hiyo anayetaka kodi ya kaboni idumu, arudishe pesa, na aseme wazi kwamba anairudisha.

Kuhusu swali la mdogo wangu, serikali inatujua aje, nadhani jibu lipo. Yaya alijulikana kwa sababu kila mwaka anajaza fomu ya kodi. Sisi tumesajiliwa familia kwa familia, vidole vyetu vimechukuliwa, na kuanzia 2015 sehemu ya chakula hapa Kakuma ilikuwa ikija kwa njia ya simu. Kama chakula kiliweza kupita kwenye simu, fidia ya kaboni inaweza pia. Na Mturkana aliyepoteza mbuzi apate kama sisi, la sivyo ataendelea kuchoma makaa na sisi tutaendelea kuyanunua. Ninyi mnaofanya kazi na mashirika mkisoma hapa, mkikaa kwenye vikao vya pesa za tabianchi, tunawaomba mlitaje hilo. Miche tunaipanda, na tutaendelea kuipanda. Lakini mche haupiki ugali wa leo.

Kuna kitu kimoja bado kinanikera, na sitakificha. Pesa iliyokusanywa ili watu wapunguze kuchoma, sisi tuliinunulia makaa. Nilimwambia mama hivyo. Hakuona ubaya wowote. "Tungepikia nini, mwanangu? Wangetuletea gesi, ningenunua gesi." Sina jibu la kumshinda. Na aliniuliza kama ile kodi ya Kanada itarudi. Nikamwambia viwanda vikubwa kule bado vinalipia kaboni, ila ile iliyokuwa inarudi kwa watu imeisha.

Akageuza kuni, akapuliza.

Mdahalo ujao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mada nimeipendekeza mimi: "Kodi ya kaboni ikikusanywa, nani wa kwanza kurudishiwa?" Mdogo wangu atazungumza upande mmoja na yule binti wa Sudan Kusini upande wa pili. Mama amesema atakuja kusikiliza, kama maharage yatakuwa yameiva.